Rufiji, Nchi Inayongoja Mvua za Wenzake

Wasafiri wa kusini wenye umri wa kutosha wanaikumbuka Ndundu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, gari la Lindi au Mtwara lilisimama hapo kungoja pantoni, na masika yakikolea abiria walilala. Mto ndio uliokuwa ukiamua nani awahi msiba kwao na nani ale sikukuu njiani. Siku hizi basi linapita juu ya daraja lenye urefu wa karibu kilomita moja, na wengi ndani yake wamesinzia au wameinamia simu. Wanakosa mengi. Ukitoka Dar es Salaam, dirisha la kulia linakuonyesha upande mto unakotoka, la kushoto unakokwenda, na kokote utakakotazama ni bonde pana, bapa, la kijani, lisilo na kilima hata kimoja cha kujisifia. Hiyo ndiyo nchi niipendayo kuliko zote za pwani yetu. Kila kitu chake, tangu umbo la kibanda hadi siku ya kufukia mbegu ya mahindi, kimepangwa na maji.

Na maji yenyewe si ya hapo. Rufiji inakusanya mvua ya eneo la kilomita za mraba zipatazo 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Mvua ikinyesha Njombe au kwenye milima ya Udzungwa, inashuka na Kilombero, ambao peke yake huleta zaidi ya nusu ya maji yote. Iliyonyesha upande wa Songea huja na Luwegu. Ya Usangu huja na Ruaha Mkuu, ikiwa imeponea mashamba ya mpunga ya Mbarali na mabwawa ya Mtera na Kidatu. Yote hupenya korongo la Stiegler, kisha milima inakwisha ghafla. Mto uliokuwa umebanwa na mawe unajikuta kwenye tambarare, hauna wa kuushika, unapunguza mwendo na kumwaga tope ulilolibeba kutoka nyanda za juu. Ndiyo maana mtu wa Ikwiriri anaweza kukaa chini ya anga safi, jua linawaka, huku mto mbele yake unapanda. Mvua hiyo ilinyesha kwa watu asiowajua.

Mgeni akisikia neno mafuriko, anafikiria mahema na misaada. Mkulima wa bondeni hufikiria kwanza chakula. Mpunga hupandwa mvua za mwanzo zinapoanza, mapema ya kutosha ili maji yakija yakute mmea umeshasimama, uweze kurefuka nayo. Kwa kawaida maji hufika kilele Aprili au Mei. Yakirudi mtoni huacha tope jipya, jeusi, lililoshiba unyevu, na hapo ndipo huanza kilimo ambacho Warufiji wanakiita mlau. Mahindi, kunde, maboga na mboga hupandwa kufuata maji yanavyorudi nyuma, leo hapa palipokauka, wiki ijayo pale chini kidogo. Mvua haihitajiki tena. Mbegu inaota kwa unyevu ulio ardhini, wala hakuna wa kununua mbolea, kwa kuwa mto umeshaileta. Zamani pamba nayo ililimwa hivyo hivyo. Nimeona mashamba ya umwagiliaji yenye pampu na mifereji ya zege, yaliyojengwa kwa mikopo, yakitoa mahindi yasiyofikia yale ya mlau.

Katikati ya mashamba hayo linasimama dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, chenye ngazi na paa la nyasi. Familia hupanda humo msimu unapodai, kwani shamba lisilolindwa ni la wanyama. Usiku ni nguruwe na viboko, mchana nyani na ndege. Maji yakipanda kuliko yalivyotarajiwa, dungu hilohilo linakuwa kimbilio, na mtumbwi hufungwa kwenye nguzo. Watoto wengi wa Rufiji wamekulia kwenye nyumba mbili, moja juu penye mchanga na mikorosho, nyingine chini kwenye tope.

Mwaka 1968 maji yalikuja na nguvu za kutisha. Serikali ikaamua watu watoke bondeni, na ile iliyoitwa Operesheni Rufiji ikawahamishia kwenye nyanda za juu, katika vijiji vya ujamaa. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na barabara havijengeki kwenye ardhi inayozama. Lakini huko juu udongo ni wa kichanga. Unaustahi mkorosho, mpunga unaukataa. Watu wakajenga nyumba zao juu kama walivyoagizwa, kisha jembe begani wakarudi chini kulima, na hadi leo wanashuka na kupanda. Kwa maoni yangu walikuwa na haki. Wapanga mipango waliliona janga, wakasahau kuuliza mazao yangetoka wapi.

Mto ukirudi mahali pake, sehemu ya maji hubaki nyuma katika maziwa yaliyo kando ya bonde: Zumbi, Ruwe, Utunge na mengine. Mafuriko ndiyo yanayoyajaza na kuyaletea samaki; mwaka ambao mto haukupanda vizuri, wavuvi wa maziwani wanaujua kabla ya mtu mwingine. Perege na kambale ndio kitoweo cha huko, na kambale wa kukaushwa kwa moshi husafiri hadi masoko ya Dar es Salaam.

"Shikamoo, baba," nilimsalimu mzee aliyekuwa akinipakia mtumbwini.

"Marahaba, mwanangu. Kaa katikati, usiweke mkono nje."

"Kwani mamba wapo?"

"Wapo. Nao ni wenyeji."

Zaidi ya hapo hakusema, akashika upondo. Mkono sikuuweka nje.

Kadiri unavyokwenda mashariki, mto unaanza kujigawa, na harufu ya chumvi inaingia. Upande wa kusini wa delta upo Mohoro, mji mdogo ambao basi la Kilwa linaupita bila heshima. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga mganga Kinjikitile Ngwale, Agosti 1905, vita vya Majimaji vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Inasimuliwa kwamba huko kwao Ngarambe alizama katika maji, na siku ya pili akatoka nguo zikiwa kavu. Sishangai kwamba katika nchi hii mtu aliyetaka kuyaunganisha makabila aliyapa maji.

Delta yenyewe ni msitu. Mikoko imefunika kiasi cha hekta 50,000, na hakuna msitu wa mikoko mkubwa kama huo uliokaa pamoja katika pwani ya Afrika Mashariki. Kila mti unajua mahali pake: mlilana unasimama mbele ukitazama bahari, mkoko kandokando ya mikondo na mizizi yake juu juu, mchu nyuma zaidi kuelekea bara, na katikati yao msinzi, mkandaa na mkomafi. Kinachowagawia viwanja ni chumvi na bamvua. Binadamu naye amegawiwa vivyo hivyo. Mwenyeji wa delta hakuulizi saa ngapi utafika. Anakuuliza utakuja na maji yapi, kwa sababu mkondo unaopitika kwa jahazi wakati wa kujaa ni matope matupu wakati wa kupwa.

Boriti za mikoko hii ndizo zilizoipa pwani umbo la vyumba vyake. Majahazi ya Ghuba yalishuka na kaskazi, yakapakia boriti, yakarudi na kusi hadi Omani na Kuwait, ambako miti ya kujengea ni adimu. Vyumba vyembamba na virefu vya nyumba za mawe za Lamu na Unguja vilipimwa kwa urefu wa boriti, maana dari haiwezi kuwa pana kuliko mti unaoibeba. Mwaka 1914 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, nayo ilijificha humu baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza pale Unguja. Waingereza walihangaika kwa miezi kuitoa, na Julai 1915 ikaishia humo humo.

Ndani ya delta kuna pia wakulima wa mpunga. Wanategemea maji matamu ya mto kuisukuma chumvi nje ya mashamba kwa miezi michache, na ili kupata shamba wengine hufyeka mikoko. Maofisa wa misitu hawafurahi, na ugomvi huo ni wa miaka mingi. Siwezi kuwatetea wafyekaji wote, ila mtu asiye na kiwanja kingine cha kulima hamalizwi kwa faini.

Mto haukomi ufukweni. Rutuba yake inavuka mlango wa bahari kuelekea Mafia, inalisha viumbe wadogo wa majini, na hao ndio wanaomvuta papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, mpaka karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi mapema mwaka unaofuata. Watalii wanaoruka kwa ndege kwenda kuogelea naye wanaiona Rufiji kutoka juu, ya kahawia, wala hawaambiwi kwamba ndiyo iliyomwita.

Sasa kwenye korongo la Stiegler kuna ukuta. Ujenzi wa Bwawa la Julius Nyerere ulianza 2019, maji yakaanza kujazwa Desemba 2022, na mitambo yake tisa ina uwezo wa megawati 2,115. Umeme tunauhitaji, nami nimechoshwa na mgawo kama mwingine yeyote. Lakini bwawa hutuliza maji, na maji yakitulia tope hushuka chini likabaki huko huko. Mafuriko makubwa bado yanaweza kupita, kama Rufiji na Kibiti walivyoshuhudia 2024, mashamba na nyumba zikazama. Yanayoweza kupotea ni yale ya wastani, yanayojaza maziwa, yanayolisha mlau na kuisukuma chumvi. Milango ya bwawa inaweza kufunguliwa kwa kufuata kalenda ya mkulima bila kuizima mitambo, mradi mkulima aulizwe mapema na kutangaziwa mapema. Wenye funguo hizo walione hilo kuwa sehemu ya kazi yao.

Wewe msomaji, nenda Juni au Julai, maji yakiwa yamerudi na mahindi ya mlau yamefika magotini. Shuka Ikwiriri, tafuta mwenye mtumbwi, kubaliana naye bei kabla ya kupanda. Ukitaka delta, ingilia Nyamisati na uulize bamvua ni lini. Ukienda Aprili, piga simu kwanza ujue kama njia inapitika.