Njaa Yako Ipeleke Garissa

Ikiwa umewahi kununua pazia au kitambaa cha dira mtaani Eastleigh, Nairobi, bila shaka umelisikia jina la Garissa Lodge. Hapo zamani palikuwa nyumba ya wageni. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwaka wa 1991, Wasomali waliokimbia vita walipanga vyumba humo, wakawa wanauzia bidhaa mle mle walimolala, hadi jengo zima likageuka soko. Soko walijua. Je, mji wenyewe?

Wengi wetu twauogopa, na sababu ipo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika chuo kikuu cha huko. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, lakini hofu ya wazazi haifunguliwi kwa ufunguo. Binti ya dada yangu alipopata nafasi ya kusomea ualimu hapo, mamake alikosa usingizi. "Kaka, mpeleke wewe, ukaone kwa macho yako," akaniambia.

Ni kama kilomita 370, ukipitia Thika na Mwingi. Safiri mchana, beba kitambulisho, na uulizie hali ya barabara kwanza. Mwishoni mwa 2023 mafuriko ya Mto Tana yaliikata. Ukivuka daraja kutoka Madogo, umefika.

Anza na tumbo. Asubuhi agiza anjera, mkate laini wenye vitobo, pamoja na chai ya maziwa ya ngamia. Mchana utaletewa wali na nyama ya ngamia au ya mbuzi, na ndizi mbivu kando. Ndizi hiyo usiiweke kungoja mwisho! Imenye, uile pamoja na wali, tonge kwa tonge. Mpwa wangu alicheka, akaonja, kisha akaomba ya pili. Tambi nazo, ambazo Wasomali huziita baasto, ni urithi wa Waitaliano waliotawala kusini mwa Somalia.

Ukiwa na siku, ngoja Jumatano uone soko la mifugo. Mimi sikuwa na ng'ombe wa kununua, kwa hivyo nilikaa zaidi kwa akina mama wauza maziwa. Vyombo vyao hufukizwa moshi ili maziwa yasiharibike upesi, na ukinywa utauonja moshi huo. Tangu mwishoni mwa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Ng'ombe walikufa kwa wingi. Ngamia walistahimili zaidi. Mama mmoja alitueleza kuwa karo ya wanawe hutoka katika mitungi ile. Alipomjua mpwa wangu kuwa mwanafunzi, alimjazia kikombe na kukataa pesa. "Mama yako yuko mbali," alimwambia, "ukikwama, njoo hapa uniulize." Jioni hiyo dada yangu alisimuliwa habari za kikombe hicho kwa simu, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akicheka.

Usirudi bila nyirinyiri, vipande vidogo vya nyama iliyokaushwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa katika samli. Haihitaji friji. Mimi nilibeba mkebe mmoja kwa dada, ukaisha kabla ya Jumapili. Siku hizi binti yake akija likizo, huulizwa mkebe kabla ya kuulizwa matokeo ya mtihani.