Abiria wa Kumi na Nne

Nilianza kazi ya ukarani Nairobi mwishoni mwa miaka ya tisini, nikikaa Kawangware, na gari letu lilikuwa matatu nambari 46. Matatu hizo za Nissan jioni zilibeba watu 20 na zaidi. Katikati ya viti vya safu mbili palipachikwa kibao, na juu yake akaketi mtu, nusu huku nusu kule. Waliokosa kibao walisimama wameinama, kisogo kwenye dari, makalio usoni pa aliyeketi. Makanga alining'inia mlangoni akipiga bati na kuapa kwamba nafasi bado ipo. "Mathe, songa. Na wewe siste, hicho kiti hukununua."

Kubanwa tulikuzoea. Kilichonishangaza ni vile tulivyogeuka. Jirani yangu mmoja, mzee wa kanisa ambaye Jumapili aliwapisha hata watoto mlangoni, jioni pale steji alipiga watu kumbo bila kuangalia aliyemwangusha. Mle ndani hakuna aliyemjulia mwenzake hali. Maganda ya ndizi na magunzi ya mahindi yalitupwa dirishani. Ukidhulumiwa chenji ulinyamaza, maana utadai nini nawe umekunjwa, mkono mmoja umekumbatia pochi na mwingine umeshika bega la mtu usiyemjua? Na kimya hicho kilishuka nawe. Nilifika kazini nimekwisha kunyamaza, na mkubwa wangu aliponipandishia sauti kwa kosa la mtu mwingine, nilijibu "sawa" kwa sauti ile ile niliyomjibia makanga.

Kibaki aliposhika urais mwisho wa 2002, wizara ya uchukuzi ilimwangukia John Michuki, mzee wa Kangema asiye na mzaha. Kanuni zake zilitangazwa 2003 na zikaanza kutekelezwa Februari 1, 2004. Kila kiti kiwe na mkanda. Kila gari liwe na kidhibiti mwendo, lisipite kilomita 80 kwa saa. Ubavuni uchorwe mstari wa manjano na kuandikwa njia ya gari na idadi ya abiria. Dereva na kondakta wavae sare na beji yenye picha. Na asisimame mtu. Siku za kwanza magari mengi hayakuwa yametimiza masharti, kwa hiyo jiji likatembea. Valley Road ilijaa watu asubuhi utadhani ni maandamano, viatu vya ofisini vimo kwenye mifuko.

Nilipopata gari hatimaye, nilikaa peke yangu kwenye kiti changu. Goti langu halikugusa la mtu. Abiria wa kumi na nne, wa mwisho kuruhusiwa, alipoingia, kondakta alifunga mlango, na waliobaki nje hawakung'ang'ania. Walirudi nyuma wakangoja lingine. Kijana yule yule aliyekuwa akitupanga kama magunia sasa alikuwa ndani ya sare ya maruni, jina lake kifuani. "Dada, naomba ufunge mkanda." Naomba! Nikaufunga.

Mkanda wenyewe ulikuwa na grisi. Uliniachia mstari mweusi kwenye blauzi nyeupe, kutoka begani hadi kiunoni, na kwa muda mrefu wanawake wa 46 tulibeba leso za kutandika kifuani. Lakini tulilalamika, na hilo halikuwa limewahi kutokea. Mama mmoja wa makamo alimwambia kondakta mbele ya gari zima kwamba mikanda hiyo ni mali yake na aifue, na wiki iliyofuata tuliikuta imefuliwa. Baada ya hapo hata chenji tuliidai kwa sauti. Nadhani ni ile hesabu iliyotubadilisha kuliko mkanda: kwamba mlangoni kulikuwa na mtu aliyejua kuwa wewe ni wa saba, wala huwezi kugeuzwa nusu ya wa nane.

Simfanyi Michuki mtakatifu. Nauli ilipanda, na baadhi ya majirani zangu waliendelea kutembea muda mrefu baada ya magazeti kuisahau habari hiyo. Michoro iliyopamba matatu nayo ilifutwa. Mimi sikuwa shabiki wa muziki wa magari hayo wa kupasua masikio, lakini nilijua vijana waliokuwa wakiosha nganya yao, yaani matatu iliyopambwa, kabla ya alfajiri, wakisugua hata ringi za magurudumu, kwa sababu ilikuwa na sura na jina mtaani. Ilipopakwa rangi ya kufanana na nyingine zote, ndoo na matambara nayo yaliadimika. Nayo ilikuwa nidhamu, ila haikuonekana kutoka wizarani. Mwaka 2014, Rais Uhuru Kenyatta alipoitetea sanaa ya matatu, rangi zilirudi, na usafi wa magari mengi ukarudi nazo.

Kufikia hapo kibao nacho kilikuwa kimesharudi. Michuki alihamishiwa wizara nyingine mwishoni mwa 2005, na mambo yalilegea polepole: kwanza abiria mmoja wa ziada, "ni wa hapa karibu tu, mathe", kisha wawili, na mikanda ikapotelea chini ya viti. Aliyesogea kumpisha yule wa kwanza hakuwa polisi, alikuwa abiria. Novemba 2018 serikali ilifufua kanuni zile kwa kishindo, watu wakatembea tena, na baada ya muda tukarudi kusogea.

Katika yote hayo, foleni ya kungoja gari ndiyo iliyobaki. Nenda katikati ya jiji saa kumi na mbili jioni uone watu wamejipanga kuzunguka majengo wakingoja magari ya kwao, bila askari wa kuwasimamia. Mvua ikinyesha nauli hupaa, na foleni huvunjika papo hapo. Siku kavu, ukijaribu kupenya mbele unaambiwa na watu usiowajua, "Mstari unaanzia kule," nawe unakwenda.