Udongo Uliokausha Mabomba ya Gisenyi

Mgeni hushangaa akiambiwa kwamba Gisenyi, mji wa Rwanda uliolala ukingoni mwa Ziwa Kivu, hukosa maji. Sisi tuliokulia hapa hatushangai. Sehemu kubwa ya maji ya bombani kwetu hutoka mto Sebeya na kusafishwa katika mitambo ya Gihira. Sebeya ukichafuka mabomba hukauka, hata ziwa likiwa limejaa.

Nilipokuwa mtoto, miaka ya 1980, shida ya maji ilikuwa ya kiangazi. Kuanzia Juni mto ulipungua, foleni ya bombani ikarefuka, na mama zetu waliamka alfajiri kuwahi zamu. Mvua za Septemba zilipoanza, shida ikaisha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mambo yaligeuka: siku mbaya zikawa za mvua. Inanyesha usiku kucha, asubuhi mto ni mwekundu kama matofali, tope limezidi nguvu za mitambo, nasi tunashuka ziwani na jerikani huku tumelowa chapachapa. Bibi yangu aliona ni aibu kwenda kuteka ziwani wakati mvua inanyesha. Kabla hajaja mtaalamu yeyote na ramani zake, bibi alikuwa akituambia: ulizeni msitu uko wapi.

Msitu wenyewe ni Gishwati, huko milimani ambako vijito vya Sebeya huanzia. Miaka ya 1970 ulikuwa na hekta kama 28,000. Miradi ya malisho na ya kupanda misonobari ikaumega. Kisha, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, wakaja watu waliorudi kutoka uhamishoni bila ardhi, wakalima humo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimebaki hekta kama 600. Siwalaumu. Mwenye watoto na asiye na shamba angelima wapi? Ila mteremko mkali uliovuliwa miti hauwezi kushika udongo wake, na uchimbaji wa madini kandokando ya vijito uliongeza tope juu ya tope.

Kwa miaka mingi mikutano ya mtaani kwetu ilibishania saa za mgawo: nani apate asubuhi, nani jioni. Hakuna aliyetaja wilaya za milimani, Rutsiro wala Ngororero, wakati maji yetu yalikuwa yanaamuliwa huko. Hilo ndilo lililobadilika. Mwaka 2015 misitu ya Gishwati na Mukura ikafanywa hifadhi ya taifa. Milima ya bonde la Sebeya ikachimbwa matuta ya ngazi, kingo za mto zikapandwa mianzi na majani ya tembo, na tangu 2020 nchi ina bodi yake ya rasilimali za maji. Nimepanda huko kutazama. Mzee mmoja mkulima wa viazi alinionyesha ukanda wa shamba alioachia mianzi, akaniambia, “Mwanangu, ninyi wa mjini mnakunywa, sisi tunapunguza viazi.” Sikuwa na jibu, na bado naona maneno yake yana uzito kuliko ripoti nyingi nilizosoma.

Kazi haijaisha. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa iliua watu zaidi ya 130 nchini, wengi wao huku Mkoa wa Magharibi. Sebeya ulifurika, ukaingia majumbani Nyundo na katika soko la Mahoko.

Tope la milimani haliishii kwetu. Sebeya humwagika Kivu, ziwa ambalo Goma hunywa maji yake. Maji ya Kivu hutoka kupitia mto Ruzizi, unaozungusha mitambo ya umeme ya Rwanda, Burundi na Kongo kabla ya kuingia Tanganyika. Nchi hizo tatu ziliunda jumuiya yao ya Maziwa Makuu hapahapa Gisenyi mwaka 1976, na siasa zimeiyumbisha mara nyingi. Tope halisubiri siasa zitulie.

Rai yangu ni moja. Tunaolipa ankara ya maji Gisenyi tukubali sehemu yake, hata ndogo, ipande mlimani kwa mkulima aliyeachia mianzi ukanda wa shamba lake. Anafanya kazi ya kutusafishia maji, naye astahili malipo.