Usiku Mmoja Emali

Nilikadiria kulala Mombasa siku hiyohiyo. Nilifika kesho yake jioni, na saa zote zilizopotea zilipotelea Emali, kilomita mia na kitu tu kutoka Nairobi, kwenye gereji isiyo na kibao wala mlango.

Gari lilikuwa Peugeot 504 la marehemu mjomba, aliloliringia hadi mwisho kwa kuwa ndugu yake, 504 la Ove Andersson, ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1975. Ukoo ukaamua lishuke Pwani, nami nikajitolea kulishusha. Tangu tunatoka Nairobi alfajiri ile ya Julai, gia zikagoma. Mkono wa gia wa gari hili uko kwenye shingo ya usukani, na kuutoa ya kwanza kwenda ya pili ilikuwa kama kusonga sima iliyokwisha kushika.

Mlolongo nikasimama kwa fundi wa kwanza. Hakuinama hata kidogo. “Giaboksi lishuke. Sinkro zimekwenda.” Sinkro ni zile pete zinazosawazisha mizunguko kabla meno hayajaumana, na kweli huisha. Lakini huyu alizihukumu akiwa wima, jicho kwenye simu. Nikaondoka nikimlaani yeye na mafundi wote wa nchi hii wanaofungua kabla ya kuuliza.

Nilipofika Emali jua lilishapanda, na gia zikawa zinaingia laini kana kwamba hatukugombana. Nikasimama kunywa chai tu. Kando ya hoteli mzee mmoja alikuwa ameinamia Land Rover.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Hiyo Pijo ina nini?”

Nikamweleza. Akaingia, akajaribu gia zote nne, akashuka.

“Mgonjwa wako leo hana homa. Hugoma likiwa la baridi?”

“Ndiyo.”

“Basi liache lipoe kabisa. Uje kesho saa kumi na mbili asubuhi.”

Kesho! Nilimwambia nina safari. Akanijibu kuwa barabara haijafungwa, akarudi kwenye Land Rover yake. Ningekwenda. Kilichonizuia ni kwamba huyu alikuwa ameuliza. Nikapanga chumba juu ya baa, nikalala kwa vipande, kila mara nikiamshwa na muziki na hasira.

Asubuhi alikuwa ameshafika.

“Usiwashe. Ingiza ya pili.”

Ngumu.

“Ingekuwa klachi haiachii, injini ikiwa imezimwa gia zingeingia bila ugomvi. Sasa washa. Kanyaga klachi mara mbili upesi, halafu ingiza.”

Ngumu vilevile.

“Basi pampu zake tuzisamehe. Klachi ya gari hili husukumwa na mafuta. Yangekuwa na hewa, kule kukanyaga mara mbili kungesaidia.”

Akatandika gunia, akaingia chini, akatikisa fito zinazotoka kwenye usukani kwenda kwenye giaboksi. “Bushi zimechoka kidogo, kama mimi.” Kisha akafungua nati ya ubavuni, akachovya kidole, akanusa, akaninyoshea nami ninuse. Harufu ya kiberiti.

“Hii ni oili namba tisini. Giaboksi la 504 hunywa oili ya injini, ishirini arobaini. Mfaransa mwenyewe ndivyo alivyoagiza. Hii ikipoa huwa nzito, pete za sinkro haziwezi kuikata zishike gia. Zinangoja ipate moto. Nani kaitia?”

Wiki moja kabla, mimi mwenyewe nilinunua kopo lile, nikalala chini ya gari, nikaitia huku nikijisifu kwamba namheshimu mjomba. Kitabu cha gari kilikuwa kwenye droo ya mbele. Sikukifungua. Niliwaza tu kwamba oili nzito ndiyo kinga, na gia ni gia.

“Fundi wa Nairobi,” nikasema.

Mzee hakusema neno. Akaimwaga ile, akatia nyingine, lita moja na ushee. Gia ya pili ikaingia kwa vidole viwili. Malipo aliyotaka hayakufikia kodi ya chumba cha juu ya baa. Nilipomwongezea, akairudisha ile ziada, akanikabidhi pamoja nayo chupa ya maji iliyojaa oili chafu.

“Mrudishie mwenyewe,” akasema, akitazama kucha zangu, ambazo sabuni ya wiki nzima haikuwa imezitakatisha.

Mtito Andei, Voi na Mariakani zilinipita sizioni. Nilikuwa nikimfikiria yule wa Mlolongo: alikosea, lakini hakudanganya. Na chupa ile, kila nilipobadilisha gia, iliviringika miguuni pa kiti cha abiria ikagonga mlango, hadi Mombasa.