Mwanangu, Mchezo wa Kuchimba, na Mjomba Wake wa Geita

Jumamosi moja nilirudi kutoka zamu ya usiku, viatu bado miguuni, nikamkuta mwanangu mbele ya kompyuta anacheka peke yake. "Mama, njoo uone, wanne wamefukiwa!"

Mlio na watoto huku Uingereza mnajua wanavyochanganya lugha mbili katika sentensi moja. Lakini neno hilo, wamefukiwa, lilimtoka kwa Kiswahili safi. Amelisikia kwetu kwenye simu mara nyingi mno.

Mchezo wenyewe unaitwa Dwarf Fortress. Waliouunda ni ndugu wawili wa Marekani, Tarn na Zach Adams, na umekuwepo tangu mwaka 2006. Kwa miaka mingi ulikuwa herufi na alama tupu kwenye kioo, mpaka Desemba 2022 lilipotoka toleo lenye picha. Unaanza na vijitu saba, unavielekeza kuchimba ngome ndani ya mlima. Wachezaji wake wana msemo kwamba kushindwa ndiyo raha yenyewe. Mimi siku hiyo sikuiona raha, ila badala ya kugomba nilivuta kiti nikamwuliza imekuwaje.

Akanieleza kama fundi. Mlima unauona kutoka juu, tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka limegawanywa miraba. Pande lolote la mwamba au sakafu linasimama mradi limeshikana na kitu imara, hata kwa mraba mmoja tu, ubavu kwa ubavu au kwa juu au chini. Kugusana kwa pembe hakuhesabiwi. Likikatwa pande zote linaanguka, linatoboa sakafu za chini, na vumbi lake linavirusha vilivyo karibu na kuvizimisha. Yeye alitaka ukumbi mrefu wa matabaka matatu, akaagiza sakafu yote iondolewe kwa mpigo. Vijitu havina akili ya mpango, kila kimoja kinaanza panapokifaa. Vilizunguka pembeni, katikati pakabaki kisiwa, na wanne walikuwa wamesimama juu yake.

"Ulitakiwa ufanyeje?" nikamwuliza.

Mstari mmoja mmoja, akasema. Unaanzia upande huu na kurudi nyuma kuelekea ukuta wa pili, ili kilichobaki kiwe kimeshika ukuta muda wote. Kazi zinaweza kupewa namba za kipaumbele, 1 hadi 7, kwa hiyo mstari wa mwisho unaupa namba ya mwisho. Ukiwa na wasiwasi, unajenga nguzo chini kabla hujagusa juu. Nguzo moja inabeba ukumbi mzima, hata mlima.

Hapo ndipo nilipomkatiza. Nguzo moja haibebi mlima, mwanangu.

Ada ya diploma yangu ya uuguzi ilitoka duarani. Kaka yangu alianza kushuka mashimo ya wachimbaji wadogo Geita alipomaliza kidato cha nne, na mimi nilisoma kwa pesa hiyo, nikapata kazi, baadaye nikaja huku kusomea digrii. Yeye bado anashuka. Kule ukuta hauangalii miraba. Mvua ikilowesha udongo, ule uliosimama vizuri jana leo unateleza, na meta moja tu ya ujazo ina uzito wa zaidi ya tani. Si lazima ukufunike kichwa. Ukikufika kifuani unakubana, pumzi unaitoa lakini huwezi kuvuta nyingine. Na aliyebanwa mguu kwa saa nyingi anaweza kutolewa akiongea, kisha moyo ukasimama, kwa sababu msuli uliopondwa unamwaga potasiamu kwenye damu mara tu mzigo unapoondoka. Hayo nilifundishwa darasani, na kila niliposoma ukurasa ule nilimwona mtu mmoja tu.

Mwanangu alinyamaza. Kisha akasema, "Tumpigie mjomba."

Kaka alipokea akiwa juu, kwa bahati. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, mjomba wangu, habari za baridi?" Mtoto akaingia moja kwa moja: mkichimba, huwa mnaacha nguzo? Kaka akacheka. Akamwambia wanaacha mwamba usimame hapa na pale, na njiani wanaweka matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta na dari.

"Na hiyo miamba mnayoacha haitolewi?"

Kaka alikawia. "Mjomba, na yenyewe ina dhahabu."

"Sasa nani anaitoa?"

"Inategemea mwezi umekuwaje."

Nilichukua simu nikahamia jikoni. Nilimwuliza matimba yao yana umri gani, akasema mengine yameanza kuoza kwa maji. Nilimwuliza kama kuna mtu amekula mwamba wa nguzo upande anaofanyia kazi yeye. Akaniambia, dada, wewe umelala usiku huu? Hivyo ndivyo anavyojibu jambo asilotaka kulijibu, tangu tukiwa watoto.

Pesa niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya mabati ya nyumba ya mama niliituma wiki hiyo kwa matimba. Nilimwambia wazi kwamba ni ya matimba, si ya kitu kingine, na nataka picha. Mama nilimweleza mabati yatasubiri, hakuuliza kwa nini.

Mwanangu ameanza ngome mpya. Anachimba mstari mmoja mmoja, na ukumbini ameacha nguzo tisa ambazo mchezo hauzihitaji. Picha kutoka Geita ilikuja baada ya siku kumi na moja: magogo sita mapya mdomoni mwa duara. Huko chini simu haipigi picha vizuri, kaka amesema.