Sitaha ya Dania

Kijana aliuliza swali lake ndani ya Ngome ya Yesu, mbele ya kabati la vioo lenye vyombo vya udongo vilivyotolewa baharini. "Mjomba, hii meli ilizama wapi? Huko Ureno?"

Mjomba wake hakujibu. Alimshika mkono wakatoka, wakapanda hadi kwenye ukuta unaotazama bahari, akamwonyesha maji yaliyo chini yao. "Pale."

Kijana akachungulia. Aliona mashua moja imefungwa nanga na wavuvi wawili wakikunja nyavu. Halafu akatoa simu mfukoni kuhakikisha, na simu ikamthibitishia yote: Santo António de Tanná, manowari ya Wareno iliyoundwa Bassein, India, mwaka 1681, ikaja kuikoa ngome iliyokuwa imezingirwa, ikazama papo hapo mbele ya kuta mwaka 1697.

Kutojua hakukumuudhi mjomba, maana hakuna azaliwaye anajua. Kilichomuuma ni kwamba mpwa huyu amezaliwa Likoni na amevuka feri tangu akiwa mgongoni mwa mamake. Kila siku ya Mungu ana maji mbele yake na maji ubavuni, na bado anaamini kwamba chini ya maji hayo hamna kitu ila samaki na waliokufa maji. Kuogelea hajui. Darasani kwao wanaojua ni watatu.

Mjomba huyu ni mstaafu aliyefanya kazi ya makaratasi bandarini miaka mingi, na hadi leo wenzake humwita Karani. Sasa anaishi Likoni, lakini kwao ni Kongowea, ng'ambo ya pili ya mji. Meli ile ya Wareno aliifahamu akiwa mtoto, tena kutoka upande wa bara. Yeye na wenzake walikuwa wakishuka hadi pwani ya Mkomani, mkabala na Ngome ya Yesu, wakakaa kwenye mawe na kutazama chombo cha wapiga mbizi kilichotia nanga upande wa pili wa mkondo. Watu waliovaa nguo nyeusi za mpira walishuka majini na kupotea. Watoto waliwahesabu kwa vidole, na hawakuondoka mpaka wote waliozama wameibuka.

Kwa miaka mingi Karani alisimulia kwamba hayo aliyaona mwaka 1976, kwa sababu anakumbuka alikuwa darasa la sita. Lakini uchimbaji ule, uliofanywa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na taasisi ya Marekani ya akiolojia ya baharini chini ya uongozi wa Robin Piercy, ulianza 1977 na kwisha 1980. Mwaka ameukubali kurekebishwa. Darasa amelishikilia.

Wazee wa Kongowea walisema wazungu wanatafuta dhahabu. Vilivyotoka ni mizinga, mitungi mikubwa ya udongo, sahani za Kichina zilizovunjika na vitu vya mbao vilivyohifadhiwa na matope kwa karibu miaka 300. Wapiga mbizi walinyonya mchanga kwa bomba, wakapima mkuku na mataruma ubao kwa ubao, wakachora, kisha wakaufukia tena mwili wa meli uliobaki. Bado uko pale. Vyombo vinapita, watu wanapiga picha za arusi ukutani, na mbao zile zimelala chini ya mchanga.

Mmoja wa watoto wale wa kwenye mawe hakuridhika na kutazama. Alikuwa mtoto wa mvuvi wa Kisauni, na alipomaliza shule alipata kibarua cha kubeba mitungi ya hewa ya watalii katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini. Akabeba, akaosha vifaa, akasikiliza. Mwisho akafunzwa, na kufikia miaka ya tisini alikuwa yeye ndiye anayewaongoza wageni chini ya maji. Huyo ndiye sahibu wa Karani mpaka leo. Ndiye aliyemweleza jinsi joto la El Niño la mwaka 1998 lilivyoiunguza miamba. Alishuka mahali alipopazoea, akakuta matumbawe yamekuwa meupe kama mifupa, na miezi iliyofuata yakavaa ukungu wa mwani na kufa. "Ni kama kuingia nyumba ya jirani ukakuta wamehama," alimwambia.

Mwaka 2002 ikazamishwa Dania. Ilikuwa meli kuukuu iliyobeba mifugo hai, na baada ya kazi zake kwisha ilipelekwa nje ya mwamba, upande wa Kisauni, ikazamishwa kwa makusudi ili iwe makao ya samaki na mahali pa kupiga mbizi. Meli ya namna hiyo haitoswi hivi hivi. Huondolewa mafuta yote, hutolewa vitu vinavyoweza kumnasa mtu, na njia huachwa wazi ili anayeingia aone pa kutokea. Kusini, Diani, meli ya uvuvi iitwayo Alpha Funguo nayo ilizamishwa kwa nia hiyo hiyo. Sahibu alimwambia Karani: sasa huna kisingizio, nitakufunza.

Mafunzo yalichukua miezi, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwanza kwenye bwawa, kisha ndani ya mwamba ambako maji ni ya kiunoni. Lakini anachokumbuka Karani kuliko yote ni banda lililokuwa nyuma ya duka la kuzamia, na fundi wa kompresa aliyekuwa mle.

Banda lilikuwa la makuti, sakafu ya saruji daima imelowa. Ukiingia ulipokelewa na harufu ya mpira uliokauka juani, dizeli, chumvi, na chini ya hayo yote harufu ya chai ya tangawizi iliyokaa kwenye chupa ya fundi tangu alfajiri. Fundi alikuwa mtu mzima, mkimya, miguu peku, kalamu sikioni. Kazi yake ilikuwa kujaza hewa. Mtungi wa lita 12 ukijazwa hadi kipimo cha bar 200 unameza takriban lita 2,400 za hewa ya kawaida, na ikisukumwa ndani kwa nguvu hivyo chuma hupata moto. Kwa hiyo mitungi aliisimamisha ndani ya pipa la maji, na kila baada ya muda aliigusa kwa kiganja kama mama anayegusa paji la mtoto mgonjwa.

Kabla ya kuwasha mashine alitoka nje, akaokota mchanga mkavu, akaumwaga taratibu kuangalia upepo unakotoka. Kisha aliuelekeza mdomo wa bomba la kuvutia hewa upande ule, mbali na moshi wa injini. Moshi ukiingia mtungini, huko chini nguvu yake ya kuua huongezeka kadiri mtu anavyoshuka. Kichujio cha mkaa alikibadilisha kabla ya wakati wake. Mtungi uliojaa aliufungulia kidogo, akaionja hewa yake kwa ulimi. "Hewa nzuri haina ladha," alisema. Ikiwa na ladha yoyote, aliimwaga yote na kuanza upya, na bosi akilalamika kuhusu mafuta alimwacha alalamike. Mtungi uliofaulu aliubandika karatasi ya gundi juu ya koki na kuandika namba yake kwenye kauntabuku. Karani, aliyeishi kwa vitabu vya hesabu, anasema hajawahi kuona kitabu kilichoandikwa kwa uaminifu kama kile.

Siku yenyewe ilikuwa Februari, mwaka 2004 au uliofuata. Kaskazi ilikuwa imetulia, na zilikuwa siku za maji mafu. Sahibu alizichagua makusudi, kwani bamvua huleta mkondo wenye nguvu na huchafua maji. Asubuhi wakati wa kuvaa, mkanda wa miwani ya Karani ulikatika. Alidhani safari imekufa. Fundi alikwenda nyuma ya pipa, akachukua tyubu ya baisikeli, akakata ukanda wa upana wa vidole viwili, akautoboa na kuufunga. Akamrudishia bila neno.

Boti ilitoka kwenye mlango wa mwamba, maji yakageuka kutoka kijani hadi samawati iliyokolea. Sahibu alimkagua kila kitu kwa mikono yake: mkanda wa risasi, kipimo, koki. Alimwambia maneno matatu tu, pumua, usishike pumzi. Wakajitupa kinyumenyume.

Walishuka kwa kamba. Kila mita chache Karani alibana pua na kupuliza ili kuyafungua masikio. Mwanzoni hapakuwa na kitu ila ubuluu. Halafu ubuluu ukapata ukingo, ukingo ukawa mstari mrefu ulionyooka, na mstari ule ukawa sitaha. Hapo ndipo moyo ulipomwenda mbio. Miaka yote bandarini alikuwa amezitazama meli kutoka chini, amesimama gatini na shingo ameipinda. Hii aliiona kutoka juu, akiwa anaelea kama mwewe.

Chini kabisa, penye mita 30 hivi, kanieneo ni mara nne ya ile ya juu, na kila pumzi hula hewa mara nne. Dakika ni za kuhesabu. Karani anakumbuka kundi la mbono likimiminika juu ya sitaha, anakumbuka chewa mkubwa aliyetulia kivulini bila kuwajali, na mkunga aliyetoa kichwa kwenye tundu la bomba. Zizi lililobeba ng'ombe lilikuwa limejaa samaki wadogo mpaka kuta hazionekani. Alipitisha mkono kwenye chuma, akakwaruzwa, akaona kitu kama moshi wa kijani kinatoka kidoleni. Ilimchukua muda kuelewa kwamba ni damu yake. Huko chini mwanga mwekundu haufiki, na damu haina wekundu wa kuonyesha. Sahibu alimwona akishangaa, akamwonyesha saa. Wakapanda polepole, wakasimama penye mita tano kwa dakika tatu ili mwili upumue ile naitrojeni uliyoinywa, wameshika kamba, wakitazamana. Karani alikuwa akilia ndani ya miwani.

"Umeona?" sahibu alimuuliza walipofika juu. Karani hakuweza kujibu. Wale watoto wawili wa Mkomani walikuwa wamemaliza kungoja.

Walirudi Dania mara kadhaa. Kisha watalii wakakatika, kwa sababu ambazo kila mtu wa pwani anazijua, wakarudi, wakakatika tena. Duka lilibadilisha mikono. Fundi alirudi kwao, na Karani alipata habari ya kifo chake miezi sita baada ya mazishi, jambo ambalo bado linamsononesha. Sahibu aliacha kuzamia masikio yalipomkataa.

Ya feri iliyozama Mtongwe mwaka 1994, kila mtu wa Likoni anayo hadithi yake. Lakini mwaka 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri na mama na mwanawe wakapotea mkondoni, Karani na sahibu walikaa ufukweni siku nyingi kati ya zile 13 za kungoja. Umati ulipiga kelele: wapiga mbizi wanaogopa nini? Sahibu alisimama akawaeleza taratibu, kundi baada ya kundi. Gari lilikuja kupatikana penye mita 58, ambako kanieneo inakaribia mara saba, giza ni totoro na mkondo haumngoji mtu. Kwa hewa ya kawaida mtu hukaa huko dakika chache tu, na akili humlewa. Watu walimsikiliza kwa mshangao. Walikuwa watu wazima, waliozaliwa na kukulia kando ya maji yale, na hakuna aliyewahi kuwaeleza.

Jambo hilo ndilo linalomkera Karani, na halifichi. Mji uliokuwa bandari kabla ya Wareno unalea watoto wanaoiogopa bahari. Hoteli zina mabwawa, na watoto wanaokaa hatua 200 kutoka hapo hawajui kuelea. Lamu na Malindi vipo vyombo vya zamani chini ya maji. Huko Ngomeni ya Malindi, Caesar Bita wa Makumbusho ya Taifa, Mkenya, ameongoza utafiti wa meli inayodhaniwa kuwa ya Wareno wa mwanzo kabisa. Karani anamtaja Bita kwa fahari ambayo wengine huwawekea wachezaji mpira. Huuliza: wa pili wake atatoka wapi, ikiwa vijana wa Likoni, Kisauni na Changamwe hawajatia hata uso majini?

Jumapili iliyofuata ile safari ya Ngome ya Yesu ilikuwa katika siku za maji mafu. Karani alimchukua mpwa wake hadi Shelly Beach, asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Walitembea mpaka maji yakafika kifuani mwa kijana. Miwani ilikuwa ile ile, kioo kimekwaruzika, mpira umegeuka rangi, na nyuma yake ule ukanda wa tyubu ya baisikeli ambao haujawahi kubadilishwa. Karani alimfunga mwenyewe, akamwekea kiganja chini ya kifua.

"Tia uso. Mimi nimekushika."

Kijana alitia, akautoa mara moja akikohoa. Akatia tena. Mara ya tatu alikaa. Mjomba alihisi mbavu zake zikitulia juu ya kiganja, na aliona kidole chake kikinyooka chini ya maji, kikionyesha kitu mchangani.

"Mjomba," alisema alipoinuka, maji yakimtiririka puani, "pale mbele pana kina gani?"

Karani alimwambia. Kijana akashusha miwani, akarudi chini.