Kiti cha Ford

Magari yanayotembea yalilala nje, lisilotembea likalala ndani. Ndivyo ulivyokuwa mtaa wetu wa Pomona, mashariki ya Los Angeles, mwaka 1994. Kila nyumba ilikuwa na gereji yake yenye mlango wa kupandisha juu, na ndani ya gereji hizo mlikuwa na majokofu mabovu, mapambo ya Krismasi na baiskeli za watoto ambao wakati huo walikuwa tayari na watoto wao. Gereji ya mwenye nyumba wangu ilikuwa na Ford Model A ya 1930, kupe ya milango miwili, isiyo na kiti hata kimoja. Dereva akitaka kuisogeza alikalia ndoo ya rangi.

Nilikuwa nimepanga chumba cha nyuma, nasoma uhandisi mitambo Cal Poly Pomona. Januari ya mwaka huo tetemeko la Northridge lilituamsha alfajiri, na Julai fainali ya Kombe la Dunia ikachezwa Pasadena, si mbali sana na kwetu. Kati ya matukio hayo mawili ndipo nilipojikuta nimeketi tena mbele ya cherehani.

Nasema tena kwa sababu cherehani niliikimbia. Mama alishona sare za shule barazani kwetu Ngamiani, Tanga, kwenye Singer ya kukanyaga, na sisi watoto tulikulia chini ya meza yake tukiokota pini na kuviringisha uzi kwenye bobini. Kabla sijamaliza darasa la saba niliweza kukunja pindo la kaptula umeme ukiwa umekatika. Hakuna aliyeniona fundi. Waliniona mtoto anayemsaidia mama yake. Uhandisi niliuchagua kwa kuwa ulikuwa na vyuma na haukuwa na vitambaa. Leo naona aibu kidogo kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwenye nyumba alitaka nimwite kwa jina lake, kama wafanyavyo Wamarekani hata kwa mtu anayewazidi miaka arobaini. Ulimi ulikataa. Nikamwita Mzee, naye akaamini ni jina la heshima la kwetu. Alikuwa mstaafu, mwembamba, mwenye kofia ya ukindu asiyoivua ila kanisani, na tangu ujana wake alikuwa mtu wa hotirodi.

Kwa asiyezijua: hotirodi ni gari la zamani lililovuliwa kila bati lisilo la lazima, likapewa injini kubwa kuliko ile aliyoikusudia mtengenezaji. Vijana wa kusini mwa California walianza mambo haya kabla ya Vita Kuu ya Pili. Walinunua Ford kuukuu kwa bei ya chini, wakang'oa madigadi, wakaenda kushindana mwendo kwenye vitanda vya maziwa yaliyokauka jangwani, Muroc na kwingineko. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana vikaunda chama cha kusimamia mashindano hayo, na Januari 1948 Robert Petersen akatoa toleo la kwanza la jarida la Hot Rod. Mzee aliyahifadhi majarida yake kwenye masanduku ya machungwa. Asili ya mchezo wote ilikuwa kukosa pesa: usichoweza kununua unakitengeneza nyumbani, na usichojua kukitengeneza unamwomba jirani. Baadaye matajiri waliingia wakaagiza magari yaliyokamilika, na Mzee hakuwasamehe.

Ford yake ilitoka kiwandani na injini ya silinda nne yenye nguvu za farasi 40. Yeye aliitia V8 ya Mercury ya 1951, akakata nguzo za paa na kuliteremsha inchi nne ili gari lionekane limeinama. Huko kukata paa kulitusumbua baadaye. Kwa wakati huo kilichoonekana ni uzuri tu: vioo vyembamba, pua ndefu, na bodi isiyopakwa rangi bado.

Injini aliijua hadi parafujo ya mwisho. Kitambaa hakukijua kabisa. Aliyekijua ni mkewe.

Bibi alikuwa mzaliwa wa Meksiko, akaja Los Angeles akiwa msichana, akashona nguo viwandani kwa miaka mingi akilipwa kwa kipande. Aliniita mijo, yaani mwanangu, tangu siku niliyolipa kodi ya kwanza. Kwenye kona ya gereji, chini ya shuka, alikuwa na cherehani ya Consew 206RB aliyoinunua kwa fundi wa viti aliyefunga duka. Nilipoiona mara ya kwanza niliinua mguu wake na kuchungulia chini bila kuombwa. Bibi akanitazama. "Nani alikufundisha?" akauliza. Nikamwambia Mama. Tangu jioni ile sikuwa mpangaji tu.

Cherehani ya nyumbani husukuma kitambaa kwa meno ya chini peke yake. Kwenye shati hilo linatosha. Kwenye leza ya bandia yenye sponji nyuma yake, meno yanavuta tabaka la chini, la juu linabaki nyuma, na ukifika mwisho wa mshono vipande viwili vilivyokatwa sawa havilingani tena. Consew ile meno yake, sindano yake na mguu wake vyote vinasogea pamoja, vinakishika kitambaa juu na chini na kukipeleka mbele kwa hatua. Ina mota nzito, na uzi wake ni wa nailoni namba 69 ambao huwezi kuukata kwa meno. Nilijaribu.

Mzee alitaka viti vyenye matuta, vile ambavyo kila kijana wa rika lake alivitamani miaka ya 1950: mistari minene iliyotuna kutoka mbele hadi nyuma, rangi nyeupe, na paipini nyekundu pembeni. Zamani hizo hawakushona nyumbani. Walivuka mpaka kwenda Tijuana, mwendo wa kilomita 200 hivi, ambako mafundi walifanya kazi kwa sehemu ndogo ya bei ya Los Angeles. Unaliacha gari asubuhi, unazurura mjini, unarudi nalo limevaa. Mzee alikuwa na utani wake, ule uliozagaa kwa watu wa hotirodi wote, kwamba matuta ya Tijuana yalijazwa samadi ya farasi na mvua ikinyesha unajua umekalia nini. Bibi hakucheka. "Kazi ya siku moja, nusu ya bei, na bado mnaizungumza miaka arobaini baadaye," alimjibu. "Ninyi ndio mngepaswa kukaguliwa mlivyolipa." Utani ule haukurudiwa mbele yake tena.

Fremu ya kiti tuliipata Fairplex, kwenye soko kubwa la vipuri vya magari ya zamani linalofanyika Pomona tangu 1975. Tulikwenda alfajiri na tochi. Wanaume walisimama makundi makundi wakiinamia injini, wakibishana kuhusu kabureta, na sikumsikia hata mmoja akizungumzia kiti, ilhali kila mmoja alikuwa amekuja amekikalia. Bibi ndiye aliyeichagua fremu. Alizibonyeza springi moja moja kwa kiganja, akaikataa ya kwanza, akaikataa ya pili, akamfanya muuzaji wa tatu apunguze bei kwa kunyamaza tu.

Leza tuliyonunua ilikuwa Naugahyde, iliyoanzia kwenye kiwanda cha mpira cha Naugatuck, Connecticut. Miaka ya 1960 kampuni iliitangaza kwa mnyama wa kubuni aitwaye Nauga, mwenye meno mengi, ambaye eti hutoa ngozi yake kwa hiari bila kuchinjwa. Mwanasesere wa Nauga alikaa kwenye rafu ya gereji, na wajukuu walimwogopa.

Hapo ndipo nilipoanza kuona tofauti ya kazi hii na ya Mama. Kitenge ukikosea unafumua, unapiga pasi, matundu ya sindano yanajifunga. Leza haisamehi. Tundu likishatoboka litabaki milele, kwa hiyo pini hazitumiki. Tulibana vipande kwa vibanio vya nguo. Mishono nayo lazima iwe mirefu, sita hivi kwa inchi. Ukiibana sana unatoboa mstari utakaochanika wenyewe, kama karatasi ya stempu. Halafu leza inavutika upande mmoja kuliko mwingine, na ni lazima ujue upi kabla hujaweka mkasi. Bibi alikata ncha za alama, pembe tatu ndogo, katikati ya kila kipande na kwenye kila kona, ili vipande vikutane mahali pake hata kama mikono imechoka.

Matuta ya kweli yana siri yake. Unachora mistari miwili tofauti: kwenye kitambaa cha nyuma mistari inaachana inchi mbili, kwenye leza inaachana inchi mbili na nusu au zaidi kidogo. Unaikunja leza kwenye kila mstari na kuishona juu ya mstari wake wa nyuma, uzi ukijificha ndani ya mkunjo. Ile nusu inchi ya ziada haina pa kwenda, inainuka, na unapata mrija mtupu. Kisha unaujaza pamba kwa kuisukuma na ubao mwembamba, taratibu, bila kuacha donge. Mimi nilikokotoa upana wa leza kwa hesabu ya sehemu ya duara, ukurasa mzima. Bibi alishona mirija mitatu kwenye mabaki, akaijaza, akaipima kwa futikamba. Majibu yetu yalikaribiana sana, na yeye alikuwa amemaliza kabla yangu.

Tulijaza mirija siku ya fainali ya Brazil na Italia. Televisheni ndogo ilikuwa juu ya rafu ya makopo ya rangi, joto la Julai limeingia chini ya bati, na moshi wa magari umeifuta milima ya San Gabriel kana kwamba haikuwahi kuwapo. Mzee hakuupenda mpira na alishangaa watu wanavyoweza kutazama muda wote huo bila bao. Bibi alikuwa ameshuhudia Meksiko ikitolewa kwa penalti na Bulgaria, kwa hiyo penalti zilipokuja tena hakuketi. Baggio wa Italia alipoupaisha mpira juu ya mwamba, ubao wa kusukumia ulikuwa bado mkononi mwangu, ndani ya mrija, na pamba imenijaa nywele.

Nilimwandikia Mama nikamweleza yote. Nilidhani atafurahi, au atanicheka kwamba nimevuka bahari kwenda kushona. Jibu lilichukua wiki nyingi, na lilikuwa na maswali matatu: uzi huo unauzwa bei gani, je, hiyo mashine inaweza kushona turubai, na kwa nini hawakufunika springi. Nilimsomea Bibi swali la mwisho. Akaenda akachukua gunia, akalitandaza mezani na kuniambia nimwandikie kuwa wamefunika, na kwamba mama yangu ni fundi. Kweli gunia linakuja juu ya springi kabla ya sponji. Bila hilo waya unakula sponji polepole na kiti kinazama. Mama hakuwahi kushona kiti cha gari maishani mwake.

Sponji Bibi aliikata kwa kisu cha umeme, kile cha kukatia bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani, na mkato ulitoka laini kuliko msumeno wowote. Mzee alidai inchi tano kwa ajili ya mgongo wake. Bibi alisema tatu. Walibishana kwa Kihispania, lugha aliyoitumia Mzee pale tu alipojua ameshindwa, na siku ile akashinda.

Kuvisha kiti kuliniuma vidole kuliko kushona. Tulianika kifuniko juani kwenye saruji mpaka kikalainika. Juu ya sponji tulilaza mfuko wa plastiki wa dobi ili leza iteleze badala ya kung'ang'ania. Tukakivuta pamoja, yeye kushoto mimi kulia, tukianzia katikati ya mbele, kisha katikati ya nyuma, ndipo pembeni, na kona za mwisho kabisa. Upande wa chini hufungwa kwa pete za waya zinazobanwa kwa koleo maalumu, zile zile walizovalishwa nguruwe puani wasifukue bustani. Nikiwa nimelelewa Ngamiani, nilizishika kwa heshima ya mbali. Mikunjo iliyobaki Bibi aliiondoa kwa mvuke wa pasi, bila kuigusisha.

Kilipendeza. Nyeupe ile na mstari mwekundu vilifanya bodi isiyopakwa rangi ionekane imefanywa hivyo kusudi. Tulikiingiza, tukakaza bolti nne, na Mzee akapanda.

Kichwa kikagota paa. Siyo kofia: kichwa. Kofia ilikuwa imeshaanguka nyuma. Alikaa pale shingo imepinda, mikono kwenye usukani, akitazama nje kupitia ukanda wa chini wa kioo, na kwa muda hakuna aliyesema neno. Inchi nne alizozikata juu na inchi tano alizozidai chini zilikuwa zimekutana.

Sponji haikuweza kupunguzwa, maana kifuniko kilishonwa kwa unene ule na kingelegea. Hapo angalau uhandisi ulipata kazi. Nililala chini ya gari nikapima kutoka kwenye sakafu hadi kwenye fremu, nikakuta kiti kimekalia vigogo vya mbao alivyoviweka Mzee mwenyewe zamani, kabla ya kukata paa. Tulikishusha hadi karibu na boksi la gia, mahali pasipoweza kushuka tena. Mzee akapanda mara ya pili. Akanyoosha shingo. Akageuka kushoto, akageuka kulia. Akatabasamu, akanyoosha mkono nyuma kuitafuta kofia yake.

"Hiyo utaivaa ukifika," Bibi akamwambia, na akaenda kuifunika cherehani.